Uzamivu wa Bayomedikali na Kazi ya Kuieleza Sayansi kwa Umma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza maswali haya ni wanafunzi wanaokaribia kumaliza shahada ya kwanza, na wengine wako tayari mwaka wa pili au wa tatu wa uzamivu na wanajiuliza kama wanaweza kuandika, kurekodi podikasti au kuzungumza na umma bila kuacha utafiti. Najibu kama mtu aliyefanya uzamivu wake maabarani na ambaye sasa anagawa muda kati ya utafiti na uandishi. Msimamo wangu utauona katika majibu mengi: kumweleza mtu unachokijua, na umekijuaje, ni sehemu ya utafiti wenyewe.

Utafiti wa bayomedikali ni upi hasa?

Ni utafiti unaochunguza mwili na magonjwa yake, kuanzia kwenye molekuli na seli hadi kwa mgonjwa wodini. Ndani yake kuna baiolojia ya molekuli, elimu ya kinga, famakolojia, mikrobaiolojia, epidemiolojia na nyinginezo. Huhitaji kuwa daktari ili kuufanya.

Uzamivu huchukua miaka mingapi? Lazima nisome uzamili kwanza?

Inategemea nchi. Marekani ni miaka 5 hadi 6, na unaweza kuingia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Mwaka wa kwanza huwa wa madarasa na wa kuzungukia maabara mbili au tatu, wiki kadhaa kila moja, kabla ya kuchagua utakayobaki nayo; kisha unakuja mtihani wa kufuzu. Uingereza ni miaka 3 hadi 4, na kwa kawaida unaingia ukiwa tayari na mada na msimamizi. Katika nchi kama Ujerumani na Uholanzi uzamili hutakiwa kwanza, na mara nyingi mwanafunzi wa uzamivu huajiriwa kwa mkataba kama mfanyakazi mwingine wa chuo.

Kama hujawahi kugusa pipeti nje ya vipindi vya darasani, mwaka mmoja wa kufanya kazi kama msaidizi wa utafiti una faida kuliko haraka ya kuomba udahili. Utajua kama unaipenda kazi yenyewe au unapenda tu kusoma matokeo yake.

Nimchague vipi msimamizi?

Natamani watu wangeuliza hili kabla ya kuuliza jina la chuo. Mada unaweza kuibadilisha ndani ya mwaka na mambo yakaendelea. Msimamizi utakuwa naye mpaka mwisho: ndiye atakayesoma tasnifu yako, ndiye atakayekuandikia barua za kukupendekeza, na mara nyingi ruzuku yake ndiyo inayonunua vitendanishi unavyotumia.

Usiishie kuzungumza na yeye. Zungumza na wanafunzi wake yeye mwenyewe akiwa hayupo, hasa waliokwisha kuondoka, na uwaulize mambo yenye majibu ya wazi. Wanafunzi wake humaliza baada ya miaka mingapi? Wangapi walianza wakaishia njiani? Ukimpelekea rasimu, inarudi baada ya muda gani? Jaribio likigoma, swali lake la kwanza huwa lipi? Mtu akisita, kisha akajibu tu kwamba "Profesa ana akili sana", angalia ni swali gani ameliruka.

Na kama una nia ya kuandika kwa ajili ya umma, liseme kabla hujakubali nafasi: "Profesa, ningependa kila wiki nitenge saa chache za kuandika kuhusu sayansi. Wewe unalionaje?" Wapo watakaofurahi. Wapo watakaosema subiri kwanza upite mtihani wa kufuzu, na hilo ni jibu la haki. Anayekataa katakata naye amekusaidia, kwa sababu umejua mapema na bado una nafasi ya kutafuta kwingine.

Siku ya kawaida maabarani ikoje?

Ni kusubiri na kuandika kumbukumbu, kwa sehemu kubwa.

Chukua mtu anayekuza seli za binadamu. Asubuhi anafungua inkubeta yenye nyuzijoto 37 na kaboni dioksidi asilimia 5, anatoa chupa na kuiinua kwenye mwanga kabla hata hajaipeleka kwenye hadubini. Kimiminika kinacholisha seli kimetiwa rangi inayobadilika kufuatana na asidi. Kikiwa na wekundu wa waridi, mambo ni shwari. Kikielekea njano, seli zimesongamana na zinahitaji kugawanywa. Kikiwa njano na kimetanda ukungu ilhali jana kilikuwa safi, bakteria wameingia, na kazi ya wiki kadhaa inakwenda kumwagwa. Akitoka hapo kuna jeli ya protini inayotaka saa moja na zaidi, utando utakaolala usiku kucha kwenye kingamwili katika baridi ya nyuzi 4, na makala za kusoma katikati ya hayo yote.

Daftari la maabara liandike siku hiyohiyo. Andika tarehe, namba ya toleo la kila kemikali, sampuli iliyoyeyushwa mara ngapi, na kitu chochote kilichokwenda kinyume na mpango hata kama hukioni kuwa na maana. Mhakiki wa jarida anaweza kukuuliza miaka mitatu baadaye kwa nini picha ya pili ina giza kuliko ya kwanza, na wakati huo kichwani hutakuwa na jibu.

Majaribio yangu yanagoma kila mara. Je, sifai kazi hii?

Kugoma kwa majaribio ndiyo hali ya kawaida. Kinachomtofautisha mtafiti ni anavyotafuta sababu.

Mfano: umeendesha PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi. Mashine imepasha mchanganyiko hadi nyuzijoto 95 ili pande mbili za DNA ziachane, ikashusha joto ili vianzishi vishike, ikapandisha hadi 72 ili kimeng'enya kijenge nakala, na ikarudia hivyo mara thelathini na kitu. Kati ya mirija yako mmoja uliwekewa maji badala ya DNA. Huo haupaswi kuonyesha mstari wowote kwenye jeli. Ukionyesha, hata mistari mizuri ya sampuli zako huwezi kuitegemea, kwa maana DNA ngeni imeingia mahali. Mwanafunzi mwenye pupa hubadilisha kila kitu kwa mpigo, jaribio linatoka safi, naye hajui lililokuwa chafu ni lipi. Anza na maji mapya peke yake. Kisha vianzishi. Kisha pipeti. Inachosha, lakini ukimaliza umejua kitu.

Tena usidhani wakubwa wameepukana na hili. Mwaka 2012 wanasayansi wawili walieleza katika jarida la Nature jinsi kampuni ya dawa ya Amgen ilivyojaribu kurudia tafiti 53 za saratani na damu zilizohesabiwa kuwa za kihistoria. Zilizothibitika ni 6. Mrija wako wa maji ni mdogo, lakini uaminifu unaoanzia kwenye mrija huo ndio uliokosekana kwenye baadhi ya tafiti za namna hiyo: vidhibiti (sampuli za kulinganishia, kama mrija huo wa maji) pungufu, marudio machache, na shauku ya kupata habari njema.

Mwanafunzi anaweza kweli kuchangia jambo kubwa?

Anaweza, na historia ina ushahidi. Picha namba 51, iliyosaidia kufichua umbo la DNA, ilipigwa Mei 1952 katika King's College London na Raymond Gosling, mwanafunzi wa uzamivu aliyekuwa chini ya Rosalind Franklin. Mwaka 1921 huko Toronto, Charles Best alikuwa kijana wa miaka 22 aliyemaliza shahada ya kwanza alipoungana na Frederick Banting kutafuta kile tunachokiita leo insulini. Januari 1922 mgonjwa wa kwanza, mvulana wa miaka 14, alichomwa sindano yake.

Gosling na Best hawakupata Nobeli. Banting alimgawia Best nusu ya fedha zake za tuzo ya mwaka 1923, lakini jina la Best halimo. Kwa hiyo zungumza mapema kuhusu nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala. Katika bayomedikali mwandishi wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyebeba kazi kubwa zaidi, na wa mwisho ndiye kiongozi wa maabara. Kuuliza si ujinga, na swali hili likiulizwa makala ikiwa bado ni wazo halimkeri mtu. Likiulizwa siku ya kutuma, linavunja urafiki.

Nahitaji kujua kuandika programu?

Ndiyo. R au Python, moja kati ya hizo kwa undani. Na takwimu, kabla ya zote mbili.

Na hii kazi ya kueleza sayansi kwa umma, ni nini hasa?

Ni pana kuliko watu wanavyodhani: makala za magazeti, redio, podikasti, video, maonyesho, vitabu vya watoto, vipeperushi vya wagonjwa, mazungumzo na wabunge, na hata fomu ya ridhaa anayosomewa mtu kabla ya kuingia kwenye utafiti. Ya kale pia. Mihadhara ya Krismasi ya Royal Institution jijini London ilianza mwaka 1825, na Michael Faraday alikuwa miongoni mwa waliosimama pale mbele ya vijana.

Kwa muda mrefu wanasayansi waliamini kwamba watu hukataa sayansi kwa sababu hawana taarifa, hivyo dawa ni kuwajaza taarifa. Dhana hiyo imeshapingwa sana na watafiti wa fani hii, nami nakubaliana nao. Mtu anaweza kuwa na taarifa zote na bado asimwamini anayezitoa, labda kwa sababu nzuri. Huko Tuskegee, Marekani, kati ya 1932 na 1972, watafiti wa serikali waliwaacha wanaume weusi wenye kaswende bila tiba ili waone ugonjwa unavyoendelea, hata baada ya penisilini kupatikana. Anayeikumbuka historia hiyo hatatulizwa na mchoro mzuri wa seli.

Nitapata wapi muda wa kuandika huku nikifanya uzamivu?

Anza kidogo, na uanze na kile unachokisoma tayari. Kila makala unayoiwasilisha kwenye kikao cha maabara, iandikie aya tatu ambazo shangazi yako angesoma hadi mwisho. Mpe mtu asiye wa fani yako aisome mbele yako, na utazame anapokunja uso.

Mashindano ya kueleza tasnifu kwa dakika tatu, yaliyoanzia Chuo Kikuu cha Queensland mwaka 2008, sasa yapo katika vyuo vingi duniani. Shiriki hata kama huna hamu ya kushinda. Dakika tatu hukulazimisha kuamua utafiti wako unauliza nini, na wengi hufika mwaka wa nne hawajaamua. Hapa ndipo nasema uandishi unarudisha faida maabarani: sentensi isiyoandikika mara nyingi ni jaribio ambalo halijafikiriwa vizuri.

Ila tasnifu isije ikageuka kazi ya ziada. Wakati wa kuandika sura za mwisho, funga mengine yote.

Naruhusiwa kueleza matokeo yangu kabla hayajachapishwa?

Usifanye hivyo bila ruhusa ya msimamizi na wenzako, kwa sababu data hizo si zako peke yako. Kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, kama kuna uvumbuzi unaoweza kuombewa hataza, katika nchi nyingi ukishautangaza hadharani unaweza kuipoteza haki hiyo. Pili, majarida makubwa huwapa wanahabari makala mapema kwa sharti la kutozitangaza kabla ya siku na saa iliyopangwa. Ukiwahi, umevunja makubaliano. Tatu, data za wagonjwa zina masharti yake ya faragha, na hayo hayana njia ya mkato.

Makala ambayo haijapitiwa na wataalamu inaweza kuwekwa kwenye hifadhi za wazi kama bioRxiv, iliyoanza mwaka 2013, au medRxiv ya mwaka 2019. Ukiandika kuhusu makala ya namna hiyo, iwe yako au ya mwingine, sema katika aya ya kwanza kwamba bado haijapitiwa. Ukiliweka hilo mwishoni, wasomaji wengi hawatalifikia.

Nitaelezaje hatari ya ugonjwa au ya dawa bila kupotosha?

Hapa nakusihi usome taratibu, maana namba zikielezwa vibaya zinaumiza watu.

Oktoba 1995, mamlaka ya usalama wa dawa ya Uingereza ilitoa onyo kwamba aina fulani mpya za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Vyombo vya habari vikasema hatari imepanda kwa asilimia 100. Wanawake wengi wakaviacha vidonge ghafla. Mwaka uliofuata, inakadiriwa kulikuwa na utoaji mimba wa ziada upatao 13,000 katika England na Wales.

Sasa angalia namba zenyewe. Kwa vidonge vya zamani, mwanamke 1 kati ya 7,000 alipatwa na tatizo hilo. Kwa vipya, wanawake 2 kati ya 7,000. Ni kweli kwamba 2 ni maradufu ya 1. Ni kweli pia kwamba kilichoongezeka ni mtu mmoja katika kila 7,000, na kwamba ujauzito wenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge hivyo. Onyo halikuwa na uongo ndani yake. Lilikosa kitu ambacho mwanamke aliyeshika pakiti mkononi alikihitaji ili aamue.

Basi ukikutana na "huongeza kwa asilimia 40" au "hupunguza kwa nusu", jiulize: nusu ya nini? Tafuta namba ya mwanzo, andika zote mbili kwa idadi ya watu, na utumie kundi la ukubwa uleule, si 1 kati ya 50 hapa na 3 kati ya 1,000 pale. Kama makala ya utafiti haina namba ya mwanzo, mwandikie mtafiti umuulize. Asipokujibu, usiifanye namba hiyo kuwa kichwa cha habari.

Utafiti umefanyika kwa panya. Niuandikeje?

Andika panya kwenye kichwa cha habari. Kati ya dawa zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, takribani moja tu kati ya kumi huishia kuidhinishwa, na hizo tayari zilishafanya vizuri kwa wanyama. Mgonjwa wa saratani anayesoma "tiba yapatikana" anapanga maisha yake kwa maneno hayo.

Ndugu yangu anaamini chanjo huleta usonji. Nimjibu vipi?

Msikilize kwanza mpaka amalize. Muulize alisikia wapi na nini hasa kinamtia hofu, kwa kuwa mara nyingi hofu yenyewe iko kwingine: mtoto aliyewahi kupata homa kali baada ya sindano, au muuguzi aliyemjibu kwa ukali.

Kisha mweleze habari ilivyo. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyohusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji. Uchunguzi ulionyesha kwamba taarifa za watoto hao hazikuwasilishwa kwa uaminifu. Mwaka 2010 jarida likaifuta makala hiyo, naye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kufuatilia watoto 657,461. Waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Watoto 12 upande mmoja, zaidi ya laki sita upande wa pili: mpe namba hizo apime mwenyewe. Huenda asikubali siku hiyo, na usimlazimishe.

Nimechoka, silali, sitaki hata kufungua mlango wa maabara. Hii ni kawaida?

Inawapata wengi, na hiyo si sababu ya kuivumilia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika Nature Biotechnology uliwahoji watu 2,279 kutoka nchi 26, wengi wao wanafunzi wa uzamivu, na asilimia 39 walikuwa na dalili za sonona za kiwango cha kati hadi kikali. Walijitolea wenyewe kujibu, hivyo inawezekana walioelemewa walijitokeza zaidi. Usiichukue namba hiyo kama ya wanafunzi wote duniani. Hata ukiipunguza, watu ni wengi mno.

Usipolala vizuri kwa wiki mbili mfululizo, au ukianza kuwaza kwamba ni afadhali usingekuwapo, nenda kwa daktari au mshauri nasaha leo, si baada ya mkutano wa kamati. Mwambie pia mtu mmoja unayemwamini nje ya maabara. Uzamivu unaweza kusimamishwa kwa muda na kuendelezwa baadaye. Karibu kila chuo kina utaratibu wake, na kuutumia hakuna aibu.

Nitumie programu za akili unde kuandika makala za umma?

Kukagua tahajia, sawa. Kukutafutia ukweli, hapana, kwa sababu hutunga marejeo yasiyokuwapo na kuyaandika kwa kujiamini. Na rasimu ya kwanza iandike mwenyewe, kwani hapo ndipo unagundua usichokielewa.

Nikimaliza nitafanya kazi gani?

Wengi hawaishii kuwa maprofesa, na ni vizuri ulijue hilo ukiwa mwaka wa kwanza. Kuna utafiti wa baada ya uzamivu, kampuni za dawa, mamlaka za udhibiti, uratibu wa majaribio ya tiba, uhariri wa majarida, uandishi wa kitabibu, sera za afya, makumbusho na uanahabari. Kazi za uandishi hazitazami vyeti peke yake. Wahariri hutaka kuona ulichokwisha kuandika. Maandiko matano mazuri yenye jina lako yanafungua mlango ambao tasnifu peke yake haiufungui. Marekani kuna programu ya AAAS (chama cha Marekani cha kuendeleza sayansi) inayowapeleka wanafunzi wa sayansi kwenye vyumba vya habari kwa wiki kumi wakati wa kiangazi, na waliopitia huko wengine walirudi maabarani wakiwa waandishi bora wa makala za kitaaluma.

Nikigundua kosa katika makala ya umma iliyokwisha kutoka?

Lirekebishe mara moja, na uandike juu kabisa ya makala nini kilikuwa kimeandikwa, nini ni sahihi, na tarehe ya marekebisho. Usifute kimyakimya. Kama mtu alisambaza makala hiyo, mtumie marekebisho. Kama kosa linahusu dozi, dalili za hatari au ushauri wa kuacha dawa, usisubiri mhariri arudi ofisini Jumatatu: mpigie simu.